Kura Isiyofika Ardhini: Soweto East na Maamuzi ya Ardhi ya Kibera

Rais Uhuru Kenyatta alipokabidhi funguo za nyumba mpya 822 za Soweto East, Zoni A, mwezi wa Julai 2016, miaka kumi na miwili ilikuwa imepita tangu mtangulizi wake Mwai Kibaki azindue mpango wa kuuboresha mtaa huo wa mabanda wa Kibera, jijini Nairobi. Katika kipindi hicho wakazi wa Soweto East walipanga foleni kwenye kura nne za kitaifa: kura ya maoni ya Novemba 2005, uchaguzi mkuu wa Desemba 2007, kura ya maoni ya Agosti 2010 na uchaguzi mkuu wa Machi 2013. Walichagua rais, mbunge na diwani, na baadaye gavana, seneta na mwakilishi wa wadi. Walishiriki kuikataa katiba moja na kuipitisha nyingine. Lakini maamuzi yaliyogusa maisha yao kwa karibu zaidi hayakutoka katika ukumbi wowote wa madiwani: ni nyumba gani ibomolewe, ghorofa ngapi zisimame mahali pake, chumba kiuzwe bei gani, na nani asubiri wapi ujenzi ukiendelea. Hayo yaliamuliwa wizarani, Ikulu na mahakamani. Mambo mengi yaliyokwenda mrama Soweto East yamezoeleka kuelezwa kwa uhaba wa fedha, kwa ukaidi wa wenye nyumba au kwa umaskini wa wapangaji. Historia ya mahali hapo inaonyesha sababu iliyotangulia hizo zote. Kwa zaidi ya karne moja ardhi ya Kibera imepangwa na watu wasiowajibika kwa wanaoishi juu yake, na kila kizazi cha viongozi kimeurithi utaratibu huo kikaubadilishia jina.

Mwanzo wa jambo lenyewe ni wa kijeshi. Tangu mwaka 1904 askari wa Kisudani waliotumikia jeshi la Waingereza, King's African Rifles, ambao wao na wazao wao huitwa Wanubi, walianza kukaa pamoja na familia zao katika msitu uliokuwa kusini magharibi mwa kituo kichanga cha reli cha Nairobi. Mwaka 1912 eneo hilo lilipimwa, ekari 4,197, na mwaka 1918 likatangazwa rasmi kuwa hifadhi ya jeshi. Askari aliyestaafu alipewa kibali cha kujenga na kulima, lakini si hati. Mwaka 1928 jeshi liliikabidhi Kibera kwa utawala wa kiraia, na swali likaibuka papo hapo: watu hawa wana haki gani? Jibu lilitolewa na Tume ya Ardhi ya Kenya chini ya Sir Morris Carter, iliyokaa mwaka 1932 na 1933. Tume iliamua kwamba Wanubi wa Kibera ni wapangaji wa Mfalme wanaokaa kwa hiari yake, ingawa ilikiri kwamba serikali ina wajibu wa kuwatafutia mahali pengine ikiwa itawaondoa. Uamuzi huo mmoja, uliotolewa na tume ambayo hakuna mkazi wa Kibera aliyekuwa na sauti ya kuiunda, ndio uliobeba kila kilichofuata. Mtu anayekaa kwa hiari ya mwingine hahitaji kuulizwa. Anahitaji kuarifiwa tu. Baraza la mji lenyewe lilikuwa chombo cha Wazungu, pamoja na viti vichache vya Wahindi, na hadi katikati ya miaka ya 1940 hapakuwa na Mwafrika ndani yake. Mpango Mkuu wa mwaka 1948, ulioandaliwa na wataalamu kutoka Afrika Kusini kwa ajili ya kile walichokiita mji mkuu wa koloni, ulichora mitaa ya wafanyakazi, viwanda na viunga vya matajiri kwa ustadi mkubwa wa kalamu, lakini kwa wengi wa waliochorewa hapakuwa na njia ya kusema ndiyo wala hapana.

Uhuru ulipokuja ungetarajiwa kuuvunja utaratibu huu. Charles Rubia alikuwa ameshakuwa meya wa kwanza Mwafrika wa Nairobi mwaka 1962, na mwaka uliofuata mipaka ya jiji ilipanuliwa mara kadhaa ya ukubwa wake wa awali. Sasa kulikuwa na madiwani waliochaguliwa na watu wote. Lakini ardhi ya Mfalme haikuwa ya baraza la madiwani. Iligeuka kuwa ardhi ya serikali, chini ya Kamishna wa Ardhi na, nyuma yake, rais. Hapo ndipo penye fundo. Diwani wa Kibera angeweza kuomba taa za barabarani au kupigania lori la takataka, lakini ardhi ambayo wapiga kura wake walilala juu yake haikuwa mikononi mwa baraza lake. Katika miaka ya 1960 na 1970 hifadhi ile ya zamani ilimegwa kipande baada ya kipande kwa ajili ya mitaa ya nyumba za kisasa, mingi ikijengwa na Shirika la Kitaifa la Nyumba: Jamhuri, Ayany, Olympic, Fort Jesus, Salama. Nyumba zilikuwa nzuri, na waliozipata walikuwa hasa watumishi wa serikali na watu wa mishahara. Waliokuwa wakikaa hapo zamani walisogezwa ndani zaidi, kuelekea bonde la mto na bwawa la Nairobi.

Kisha ikaja miaka ambayo hata kura ya baraza ilizimwa. Mwaka 1983 serikali ililivunja Baraza la Jiji la Nairobi na kuliweka jiji chini ya Tume iliyoteuliwa, na hali ikabaki hivyo hadi uchaguzi wa vyama vingi wa Desemba 1992. Hiyo ni karibu miaka kumi bila diwani hata mmoja, katika kipindi ambacho vijiji vya Kibera vilifurika wahamiaji kutoka magharibi mwa nchi na Ukambani. Nani basi aliyekuwa akipanga matumizi ya ardhi? Chifu. Aliyetaka kujenga safu ya vyumba vya udongo na mabati alikwenda kwa chifu na wazee wa kijiji, akalipa chochote kilichotakiwa, akaambiwa jenga kutoka hapa hadi pale. Kibali hakikuandikwa popote, na kwa hiyo kiliweza kufutwa wakati wowote na afisa mwingine aliyetaka malipo yake. Hivyo ndivyo Soweto East ilivyokua: wengi mno wakiwa wapangaji, na juu yao wenye nyumba ambao, kama tafiti za mwanzoni mwa miaka ya 2000 zilivyoonyesha, sehemu yao kubwa walikuwa maafisa wa serikali na wanasiasa wasiokaa Kibera kabisa. Watu husema mitaa ya mabanda ilikua ovyo kwa kukosa mipango. Sikubaliani na maelezo hayo. Kulikuwa na mpango, kulikuwa na mamlaka, kulikuwa na ada. Kilichokosekana ni mahali ambapo mpangaji angeweza kusimama hadharani akapinga.

Nyayo Highrise ni ushahidi ambao Kibera nzima huukumbuka. Maghorofa hayo yalijengwa mwanzoni mwa miaka ya 1990, yakipakana na Soweto East, juu ya ardhi iliyoondolewa watu kwa maelezo kwamba wao ndio watakaorudi ndani yake. Wengi hawakurudi. Bei ilikuwa juu ya uwezo wao, na nyumba zikachukuliwa na watu wa tabaka la kati. Mtu anayetaka kuelewa kwa nini wakazi wa Soweto East waliupokea mradi wa mwaka 2004 kwa moyo mzito atazame madirisha ya Highrise, yanayoonekana wazi kutoka kwenye mabati yao. Na kama ushahidi huo hautoshi, kuna tukio la mwaka 2001. Mwishoni mwa Oktoba mwaka huo Rais Daniel arap Moi alifika Kibera akatamka kwamba kodi ni kubwa mno na zipunguzwe. Hapakuwa na sheria, hapakuwa na sheria ndogo ya baraza, hapakuwa na tume ya kodi iliyokaa kusikiliza pande mbili. Ilikuwa kauli tu. Wapangaji waliishika kama haki yao, wenye nyumba waliikataa, na Desemba ikaleta mapigano yaliyoua watu na kuwafukuza maelfu. Neno la mkuu mmoja lilishika nafasi ya mjadala ambao ulipaswa kufanyika kwenye baraza, na gharama yake ikalipwa kwa damu ya watu waliokuwa majirani.

Katika hali hiyo ndipo serikali mpya ya Kibaki ilipotia saini makubaliano na shirika la Umoja wa Mataifa la makazi, UN-HABITAT, Januari 2003, kuunda Mpango wa Kuboresha Makazi Duni nchini, unaojulikana kwa kifupi KENSUP. Soweto East ilichaguliwa kuwa mahali pa majaribio. Ilihesabiwa, ikachorwa ramani, ikagawanywa zoni nne, A hadi D. Baraza la Jiji lilikuwamo kwenye orodha ya washirika, lakini usukani ulikuwa Wizara ya Nyumba, kwa sababu ardhi ni ya serikali kuu. Ili wakazi wasikilizwe iliundwa Kamati Tendaji ya Makazi, yenye wawakilishi wa wapangaji, wenye nyumba, vijana, wajane, watu wenye ulemavu, makanisa na mashirika ya kijamii, pamoja na chifu na diwani. Mnamo Septemba 2009 watu wa Zoni A, takriban familia 1,200, walianza kuhamishiwa kwenye nyumba 600 za muda zilizojengwa Lang'ata karibu na gereza la wanawake. Kila nyumba ilikuwa na vyumba vitatu, na familia zisizo na undugu zililazimika kugawana jiko na choo. Kodi ya chumba ilikuwa kama shilingi 1,000 kwa mwezi. Kwa mtu aliyezoea choo cha kulipia na maji ya mtungi, huo ulikuwa uhamisho wa heri, na haifai kuupuuza. Lakini kundi la wenye nyumba lilikwenda Mahakama Kuu kudai haki zao, na kesi ikautia mradi breki. Ujenzi wa nyumba za kudumu ulizinduliwa Machi 2012. Waliokwenda Lang'ata kwa kile walichoambiwa ni kipindi kifupi walikaa huko karibu miaka saba. Baadhi walipangisha vyumba vyao kwa wengine wakarudi Kibera, kwenye kodi nafuu na karibu na vibarua vyao.

Nyumba zenyewe zilipokamilika wakazi waliuita mtaa Kanaani. Zilikuwa 822: za chumba kimoja 108, za vyumba viwili 570, za vyumba vitatu 144, pamoja na vibanda vya biashara. Bei iliyotangazwa ilikuwa shilingi 600,000 kwa chumba kimoja, milioni moja kwa viwili na milioni 1.35 kwa vitatu, zilipwe kwa miaka mingi kupitia chama cha ushirika cha nyumba, baada ya mkazi kuweka akiba ya asilimia 10 kwanza. Kwa soko la Nairobi bei hizo ni za chini sana, na serikali ilibeba sehemu kubwa ya gharama. Hata hivyo tujiulize ni nani alikuwepo chumbani wakati hesabu ilipofanywa. Ni nani aliyeamua kwamba sehemu kubwa ya nyumba ziwe za vyumba viwili na si kimoja, kwa mtaa ambao wakazi wake wengi walikuwa wakilipa kodi ya chumba kimoja cha mabati? Ni nani aliyeamua kwamba ardhi ile ibebe maghorofa yenye mlango wa ngazi, badala ya nyumba fupi zenye ua na kibanda cha kuuzia mboga mbele? Huenda majibu yalikuwa sahihi. Ninachosema ni kwamba hayo ni maswali ya matumizi ya ardhi, maswali yaleyale ambayo wakazi wa mitaa ya kitajiri kama Kileleshwa au Lavington huyapigia kelele City Hall, makao ya serikali ya jiji, kila jengo jirani linapotaka kuongeza ghorofa, na kwa Soweto East yalijibiwa kama mambo ya kihandisi.

Mtu atasema: Kamati Tendaji je? Si ilikuwa na wawakilishi, tena wa kila kundi? Ilikuwa nao, na wengi wao walifanya kazi ngumu bila mshahara, wakitukanwa na pande zote. Ila kazi ya kamati hiyo ilikuwa kuunganisha mradi na wakazi: kupeleka habari, kusaidia kuhakiki majina, kutuliza minong'ono. Haikuwa na uwezo wa kisheria wa kuukataa mchoro. Serikali isipokubaliana na diwani, bado diwani ana kiti chake na kumbukumbu rasmi za kikao. Mjumbe wa kamati ya mradi asipokubaliana na mradi, hana chochote cha kushika. Na kwa kuwa kamati haikuwa na kura yenye meno, wenye nyumba walioona wamepunjwa hawakuwa na sababu ya kubaki mezani. Walikwenda mahakamani. Tunapowalaumu kwa kuchelewesha mradi, tukumbuke kwamba mahakama ilikuwa mlango pekee ambao mtu angeubisha na lazima ajibiwe.

Pingamizi lililo zito zaidi ni la pili, nami sitaki kulipita kwa haraka. Linasema hivi: mnataka madiwani wapige kura juu ya ardhi, wakati mnajua madiwani wa Nairobi wamefanya nini na ardhi. Ni kweli. Tume ya Ndung'u, iliyowasilisha ripoti yake mwaka 2004 kuhusu ugawaji haramu wa ardhi ya umma, ilionyesha jinsi mabaraza ya miji yalivyogeuza viwanja vya michezo, vyoo vya umma na ardhi za masoko kuwa mali ya wakubwa. Lakini ripoti hiyohiyo ilionyesha kwamba mkono uliogawa zaidi haukuwa wa madiwani peke yao. Ulikuwa wa ofisi ya Kamishna wa Ardhi na barua kutoka juu, yaani mkono uleule uliokuwa na mamlaka juu ya Kibera. Kuiondoa ardhi kwenye baraza hakukuiepusha na wizi. Kuliuficha wizi tu. Diwani mwizi anaweza kuangushwa baada ya miaka mitano, na kura yake ya kikaoni ina jina lake. Barua ya mgao haina mpiga kura. Kwa hiyo uovu wa mabaraza ni hoja ya kuyafungua mabaraza, kumbukumbu zake zichapishwe na vikao vyake vifanywe karibu na watu, na sioni vipi unageuka kuwa hoja ya kuyanyima kazi.

Wapo pia wanaosema kwamba ukimwuliza kila mtu hutajenga chochote, na kwamba Kibera haiwezi kusubiri. Mukuru, eneo jingine la mitaa ya mabanda jijini Nairobi, imewajibu. Mwezi wa Agosti 2017 Kaunti ya Nairobi, iliyolirithi Baraza la Jiji, ilitangaza Mukuru kwa Njenga, Mukuru kwa Reuben na Viwandani kuwa Eneo Maalum la Mipango, chini ya kifungu cha sheria ya mipango ambacho kilikuwa kimelala kwa miaka mingi. Eneo lile lina familia zipatazo 100,000, na ardhi yake ni ngumu kuliko ya Kibera, kwa kuwa sehemu kubwa ilikuwa imegawiwa watu binafsi kwa ajili ya viwanda. Muungano wa Wanavijiji, shirikisho la wakazi wa mitaa ya mabanda lililoanza mwaka 1996 kupinga ubomoaji, uliwaunganisha wakazi nyumba kumi kumi, kila kumi na mwakilishi wao, mpaka kufikia ngazi ya mtaa. Vikundi vya wataalamu wa maji, afya, sheria, barabara na nyumba viliandika mipango yao baada ya kuwasikiliza. Viwango vya kawaida vya upana wa barabara vingewang'oa watu wengi mno, basi viwango vikateremshwa. Matokeo yake, serikali ilipokuja mwaka 2020 na fedha za barabara na mabomba ya maji taka, ilikuta mpango uliokwisha kukubaliwa, na kazi ikaenda kwa kasi ambayo Soweto East haikuijua. Mukuru haikupona matatizo yote. Ubomoaji mkubwa wa mwaka 2021 huko Mukuru kwa Njenga, kwa ajili ya barabara, ulionyesha jinsi mpango unavyoweza kupuuzwa na mkono wenye nguvu. Lakini hakuna anayeweza kusema kwamba kuuliza kulichelewesha. Wala kuuliza huko si jambo geni duniani. Mjini Recife, Brazil, sheria ya matumizi ya ardhi ya mwaka 1983 iliyatambua makazi duni kuwa kanda maalumu za jiji, na sheria ya mwaka 1987 ikaipa kila kanda kamati ya wakazi na maafisa wa jiji ya kuamua mipango yake. Ni miaka mingi kabla ya Soweto East kupata kamati yake, nayo ikiwa haina mamlaka hayo.

Na wengine watasema dawa ni hatimiliki tu: mpe kila mtu hati, mengine yatajipanga. Kawangware iko karibu, upande wa pili wa Barabara ya Ngong, nayo inakanusha. Ardhi yake ilikuwa sehemu ya Dagoretti, ikapimwa na kupewa hati za watu binafsi, kisha ikaingizwa ndani ya jiji mipaka ilipopanuliwa. Mwenye ploti Kawangware ana kila anachokosa mwenye nyumba wa Soweto East. Hata hivyo wapangaji wa Kawangware wanaishi katika vyumba vilivyobanana vilevile, na ploti ikibadilishwa kuwa ghorofa, maombi ya kubadilisha matumizi ya ardhi hupelekwa City Hall na mwenye hati, tangazo hutolewa, na mpangaji hujua habari anapopewa notisi ya kuhama. Hati ilimpa mwenye ardhi sauti. Haikuupa mji sauti. Wanubi nao walipata hati ya jamii mwaka 2017, ekari 288, baada ya Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu kuamua mwaka 2015 kwamba haki zao zilikiukwa. Ni haki iliyochelewa sana, na ni chini ya sehemu moja kwa kumi na nne ya zile ekari 4,197 za mwaka 1912. Na bado inaacha wazi swali la jinsi mamia ya maelfu ya wapangaji wanaowazunguka watakavyosikika.

Kiasi cha utaratibu wa kale kilichobaki baada ya Katiba ya 2010 kilionekana tarehe 23 Julai 2018. Katiba hiyo inataja haki ya makazi katika Ibara ya 43 na inataka ushirikishwaji wa umma katika kila ngazi. Jedwali lake la Nne linazipa kaunti kazi ya mipango na nyumba. Mamlaka ya Barabara za Mijini ilikuwa inataka kupitisha barabara ya kuunganisha Ngong Road na Lang'ata Road katikati ya Kibera. Siku chache kabla ya tarehe hiyo, mamlaka hiyo, Tume ya Kitaifa ya Ardhi na Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu zilikuwa zimekubaliana kwamba watu wahesabiwe na mpango wa kuwahamisha uandaliwe kwanza. Tingatinga ziliingia kabla ya hilo kukamilika. Nyumba, shule na makanisa yalianguka na maelfu kwa maelfu ya watu wakabaki bila paa. Barabara ilihitajika, sibishi. Msongamano wa magari upande ule wa jiji ni mateso kwa matajiri na maskini. Lakini katika mvutano huo wote, Bunge la Kaunti ya Nairobi, lenye wawakilishi wa wadi 85 wenye jukumu la mipango ya jiji, halikuwa mahali ambapo jambo lile liliamuliwa.

Chini ya miaka miwili baadaye hata jukumu hilo liliondolewa. Februari 2020 Gavana Mike Sonko alitia saini Ikulu hati ya kuikabidhi serikali kuu kazi kadhaa za kaunti, mipango na maendeleo ya jiji ikiwa mojawapo, na shirika jipya la Nairobi Metropolitan Services likawekwa chini ya Meja Jenerali Mohamed Badi. Shirika hilo lilichimba visima na kutengeneza barabara katika mitaa ya mabanda, na wakazi wengi walilishukuru kwa haki. Lakini mipango ya ardhi ya jiji lenye wapiga kura zaidi ya milioni mbili ilikuwa imerudi mikononi mwa mtu aliyeteuliwa, mpaka mwaka 2022 kaunti iliporudishiwa kazi zake. Mwaka huohuo serikali ya William Ruto ilianza kazi Soweto East, Zoni B: nyumba zaidi ya 4,000, karibu mara tano ya zile za Zoni A, chini ya mpango wa nyumba za bei nafuu unaogharamiwa kwa makato ya mishahara ambayo Sheria ya Nyumba za Bei Nafuu ya Machi 2024 iliyathibitisha baada ya Mahakama Kuu kuyakataa yale ya awali.

Zoni C na Zoni D zilikuwa bado ni mabati wakati tingatinga zilipoingia B. Kwa zoni hizo mbili bado kuna nafasi ya kufanya tofauti, wala hakuhitajiki sheria mpya. Sheria ya Mipango na Matumizi ya Ardhi ya mwaka 2019 inairuhusu kaunti kulitangaza eneo kuwa la mipango maalumu na kusimamisha ujenzi kwa hadi miaka miwili wakati mpango unaandaliwa, na inautaka mpango wa eneo upitishwe na Bunge la Kaunti. Orodha ya wakazi ibandikwe kwenye ukuta wa kila kijiji kabla ya kufungwa, wapangaji na wenye nyumba kila upande na wake. Idadi ya ghorofa, ukubwa wa vyumba, bei, mahali pa kusubiria na muda wa kusubiri viwekwe ndani ya mpango wenyewe, visiachwe kwa barua za wizara. Wakazi wakubali au wakatae nyumba kumi kumi, kama walivyofanya wenzao wa Mukuru. Kisha wawakilishi wa wadi waitwe mmoja mmoja kwa jina, kwenye kikao cha wazi, wapige kura juu ya ardhi ya Soweto East, na jina la kila mmoja na kura yake vichapishwe kabla ya mlango wa kwanza kutiwa alama ya rangi nyekundu.